Mcheza Kamari Stadi na Mcheza Kwa Bahati: Tofauti ni Hesabu

MJINI Kisumu na katika fuo za wavuvi kandokando ya Ziwa Victoria, si ajabu kumsikia kijana akijiita mtaalamu wa kamari. Ameshinda mara mbili tatu, na sasa anaamini ameigundua siri. Je, wapo watu wanaoishinda kasino kwa ujuzi? Wapo, ila ni wachache mno, na uchezaji wao haufanani na wa kijana huyu. Ni vyema kuijua tofauti hiyo, maana kutoijua kumewafikisha wengi kwenye madeni na maradhi.

Fungu la mwenye kasino

Tazama gurudumu la ruleti lenye nambari 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukiweka Sh100 kwa nambari moja nayo ikashinda, unalipwa Sh3,500 na kurudishiwa Sh100 zako. Sasa tuseme umeweka Sh100 kwa kila nambari. Umetoa Sh3,700, umepokea Sh3,600. Sh100 zimebaki kwa mwenye kasino, karibu asilimia 2.7. Ndoto, ujasiri wala dawa ya mganga haviwezi kubadili hesabu hiyo.

Kubashiri mechi ni vivyo hivyo. Tuseme kampuni hubaki na Sh5 katika kila Sh100 kwa mechi moja. Ukiunganisha mechi 10 katika mkeka mmoja, thamani ya Sh100 zako hushuka hadi karibu Sh60.

Stadi hufanya nini?

Mwaka 1962, mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mchezo wa karata wa ishirini na moja unaweza kushindwa. Karata zilizokwisha kutolewa hazirudi mara moja, kwa hiyo anayezihesabu hujua kama zilizobaki zinampendelea yeye au kasino. Zikimpendelea, huongeza dau, zisipompendelea, hulipunguza. Hata hivyo, faida yake huwa kama asilimia 1 tu, na anaweza kupoteza kwa muda mrefu kabla ya kuiona. Tena kasino ikimtambua, humfukuza.

Mashine za kamari, ruleti na ule mchezo wa kandege kwenye simu havina karata za kuhesabiwa. Mzunguko uliopita hauambii lolote kuhusu ujao. Kwa hiyo hakuna stadi wa michezo hiyo, hata awe ameicheza miaka 10.

Jipime mwenyewe

1. Stadi hucheza pale tu hesabu inapomfaa. Wa kawaida hucheza kwa kuwa "leo anahisi bahati".

2. Stadi ametenga fedha asizozihitaji. Wa kawaida hutumia karo, kodi ya nyumba au fedha za petroli ya mashua.

3. Stadi huandika kila alichopata na alichopoteza. Wa kawaida hukumbuka ushindi tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Stadi akipoteza hapandishi dau kwa hasira. Wa kawaida hulipandisha ili "arudishe zake".

Inapogeuka ugonjwa

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, nao umo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni kushindwa kuacha, kuiweka kamari mbele ya kazi na familia, na kuendelea licha ya hasara. Wengi pia hudanganya, hukopa na kukosa usingizi.

Wavuvi wa omena wajihadhari hasa. Wao huvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi unapong'aa, wengi hubaki ufuoni wakiwa na fedha mfukoni na siku nzima ya kukaa bure.

Ufanye nini?

Kwa mwezi mmoja, andika kila shilingi uliyocheza na kila uliyoshinda. Ikiwa umepoteza na bado huwezi kuacha, usione haya. Mweleze mwenzi wako au ndugu unayemwamini, na umwombe akutunzie fedha. Kisha mwone daktari au mshauri; katika hospitali kubwa, uliza huduma za afya ya akili. Ukimwona mwenzako ana mawazo ya kujiua kwa sababu ya madeni, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.