Mama Mjamzito, Punda na Zizi: Hatari Haiko Mgongoni Peke Yake

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo katika vitabu vya uzazi vya Ulaya huanza na farasi. Huko mama mjamzito humuuliza daktari wake kama anaruhusiwa kuendelea kupanda farasi na kusafisha banda lake. Sisi wa Tabora farasi hatuna, na wala si kwamba hawakujaribiwa. Mwaka 1871 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo kuja huku na farasi wawili, na wote wawili walikufa siku chache tu baada ya kuiacha pwani. Hata wangepona, mbele yao kulikuwa na pori la mbung'o, na mbung'o hana urafiki na farasi. Punda ndiye aliyevumilia zaidi, naye si sana. Ndiyo sababu mizigo ya njia ile ndefu, kutoka Bagamoyo na Mpwapwa hadi Tabora, kisha Ujiji, ilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Wake zao nao walifuatana nao kwa miguu, wakiwa na vyungu na watoto mgongoni.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na siku hizi kuna lami. Lakini nenda Nzega au Igunga, ambako pori limepungua na ng'ombe ni wengi, utamkuta punda anakwenda kisimani, mashineni na mnadani. Katika nyumba nyingi anayemswaga ni mama au binti, na anayefagia zizi asubuhi ni huyohuyo. Kwa hiyo swali la farasi linatuhusu. Mnyama tu ndiye tofauti.

Kupanda

Katika miezi mitatu ya mwanzo mji wa mimba umejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Baada ya hapo hupanda juu ya kinena, na kuanzia hapo tumbo halina ngao tena ila nyama na ngozi. Wakati huohuo viungo vya nyonga na magoti hulegea, kwa sababu mwili unajitayarisha kwa uzazi, na uzito wote husogea mbele. Mama aliyezoea kukaa juu ya punda bila kushika kitu sasa huyumba punda akijikwaa kidogo tu.

Wapo wanaosema punda ni mfupi, kuanguka kwake si kama kuanguka farasi. Ni kweli ni mfupi. Lakini kinachoogopwa hasa ni kondo la nyuma kubanduka kutoka mahali lilipojishika, na hilo linaweza kutokea hata kwa kishindo kisichoacha alama yoyote kwenye ngozi. Mtoto hupata hewa na chakula kupitia kondo hilo. Damu inaweza kutoka nje, na inaweza pia kubaki imefichwa nyuma ya kondo, mama akaona tumbo limekuwa gumu kama ubao na linauma, basi. Kwa hiyo ushauri wetu ni mfupi: tangu ujue una mimba, achana na mgongo wa punda. Usisubiri tumbo lionekane.

Kutembea naye si vibaya, kutembea ni mazoezi mazuri kwa mjamzito mwenye afya. Ila usijifunge kamba ya punda kiunoni wala kuizungusha mkononi. Wengi hufanya hivyo ili mikono ipumzike, na punda akishtuka hukuburuta. Usipite karibu na miguu yake ya nyuma, na dumu la lita 20 asikupandishie mwingine kichwani wakati punda amesimama hapo hana mzigo. Hili la mwisho nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Mkokoteni wa punda ni jambo jingine. Kwa mama aliye mbali na zahanati unaweza kuwa ndio usafiri pekee. Basi akae chini katikati, juu ya majani au godoro, si pembeni miguu ikining'inia. Mwingine aendeshe, na punda asikimbizwe. Afadhali hivyo kuliko kukaa upande kwenye bodaboda, baibui au khanga ikipepea karibu na mnyororo na tairi la nyuma.

Ikiwa mama ameanguka, au amepigwa teke la tumbo, aende kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama hasikii maumivu. Anatakiwa kuangaliwa kwa saa kadhaa, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe, kwani matatizo ya kondo hayajitokezi yote papo hapo. Achukue kadi yake ya kliniki. Kama imeandikwa kwamba kundi lake la damu ni hasi, amkumbushe daktari, kwa sababu ipo sindano ambayo huenda akaihitaji, na hutakiwa ichomwe ndani ya saa 72. Damu au maji yakitoka, tumbo likikaza, au mtoto akipunguza kucheza, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Zizini

Hofu ya kuanguka kila mtu anaielewa. Lakini mama mmoja anaweza kumaliza mimba nzima bila kupanda punda hata siku moja, na bado akadhurika kwa kazi ya chini, kwenye samadi.

Anza na pepopunda. Jina lenyewe lina punda ndani yake, na hapa halikukosea. Mbegu za kijidudu chake huishi katika udongo na hupatikana katika matumbo na mavi ya punda, ng'ombe, farasi na wanyama wengine. Huweza kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Huingia mwilini kupitia kidonda: msumari wa mkokoteni, mwiba, ufa wa kisigino. Mama asiyekuwa na kinga anaweza kuugua yeye, na mtoto wake anaweza kuugua kupitia kitovu. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imefikia kiwango cha kutokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga, maana yake wagonjwa wachanga ni chini ya 1 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Alhamdulillah. Lakini mbegu hazikuondoka ardhini. Kilichotuokoa ni chanjo na uzazi safi, na vikilegezwa ugonjwa unarudi.

Chanjo hiyo kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuchanjwa ni dozi tano: ya kwanza anapofika kliniki, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Wengi huchoma mbili wakati wa mimba ya kwanza, kisha kadi hupotea na hesabu huanza upya. Itunze kadi pamoja na cheti cha ndoa.

La pili ni ugonjwa wa kutupa mimba, ambao bwana mifugo anaufahamu vizuri. Ng'ombe au mbuzi mwenye ugonjwa huo hutoa ndama au mwanambuzi kabla ya wakati, na kondo lake, damu yake na majimaji yake hujaa vijidudu. Mtu huambukizwa kwa kuvishika kwa mikono mitupu na kwa kunywa maziwa mabichi. Kwake huanza kama homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma. Hufanana na malaria, na wengi humeza dawa za malaria wiki kwa wiki bila nafuu. Kwa mjamzito unaweza kuharibu mimba. Kuna na homa ya Q, ambayo nayo hukaa katika kondo la mbuzi, kondoo na ng'ombe, na hii huvutwa hata kwa vumbi la zizi lililokauka.

Halafu ipo homa ya Bonde la Ufa, inayozuka baada ya mvua kubwa. Mwaka 2007 ilipita katika mikoa mingi ya nchi yetu na kuua watu zaidi ya 100. Dalili yake kubwa katika zizi ni mbuzi, kondoo na ng'ombe wengi kutupa mimba kwa mpigo na watoto wao kufa. Utafiti uliofanywa Port Sudan na kuchapishwa mwaka 2016 uliwaangalia wajawazito wenye homa, na ukaona kwamba waliokuwa na ugonjwa huu waliharibikiwa mimba zaidi kuliko wenzao. Basi mkiona mbuzi watatu wanne wanatupa mimba wiki moja, mjamzito asikanyage hapo, asichinje, asichune wala kukata nyama yao, na bwana mifugo aitwe.

Tunachosema kwa mjamzito ni hiki: asizalishe mnyama, asishike kondo lake, asiingie kunyunyiza dawa ya kupe wala asifue nguo za aliyenyunyiza. Maziwa yachemke mpaka yapande, hata kama ni ya ng'ombe wa nyumbani ambaye mnamjua kwa jina. Akilazimika kufagia, amwagie maji kidogo kwanza ili vumbi lisiruke, avae gambuti na glavu za mpira, na gambuti zibaki nje ya mlango. Paka wa ghalani wasiachiwe jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Sasa nije kwa wanaume, maana hapa ndipo ushauri wote huu hukwama. Mama anajua kuwa amechoka. Anachojiuliza ni nani atakayekwenda kisimani asipokwenda yeye. Akisema, huambiwa kuwa bibi yake alizaa kumi akiwa anaswaga ng'ombe. Ni kweli bibi alizaa kumi. Muulizeni pia alizika wangapi. Kumpangia kijana wa nyumbani zizi kwa miezi tisa na siku arobaini si kumdekeza mke. Kama kijana hakuna, baba mwenyewe ashike fagio. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizitumikia shughuli za nyumba yake mwenyewe.

Baada ya kuzaa

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni hukumu ya damu ya uzazi. Katika madhehebu ya Shafii iliyoenea kwetu, mara nyingi nifasi huwa siku 40 na upeo wake ni siku 60, na damu ikikatika kabla ya hapo, hata siku ya 20, mama huoga josho na kuswali. La pili ni kupona kwa mwili, na hilo lina hesabu yake. Mji wa mimba huchukua kama wiki 6 kurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo mama aliyetoharika siku ya 20 yuko tayari kwa sala. Hayuko tayari kwa dumu la lita 20 wala koleo la samadi. Aliyeshonwa au aliyefanyiwa upasuaji anahitaji muda zaidi, na asipande punda mpaka daktari au mkunga amwangalie. Kazi nzito ya mapema hulegeza nyama za chini zinazoshika kibofu, na hapo ndipo huanza yale matatizo ya mkojo kuvuja akikohoa, ambayo wanawake huyaficha kwa aibu na ambayo huvuruga hata udhu. Damu iliyokuwa imepungua ikarudi nyingi na nyekundu, au ikanuka na homa ikaja, ni hospitali.

Akianza kurudi zizini, abadili nguo na kunawa hadi viwikoni kabla ya kumshika mtoto. Khanga aliyofagilia zizi isiwe ndiyo mbeleko.

Na kitovu. Kikatwe kwa wembe mpya, kifungwe kwa uzi safi, kiachwe kikavu. Kisipakwe samadi, majivu, udongo wala mafuta ya taa, hata aliyeleta ni shangazi tunayemheshimu. Samadi ndiyo makazi ya mbegu za pepopunda, na kitovu kibichi ni mlango ulio wazi. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha kuanzia siku ya tatu hadi wiki ya pili au ya nne hivi akashindwa kunyonya, taya zikabana, akakakamaa anapoguswa au akisikia sauti, huyo hakurogwa wala hakuingiwa na shetani. Apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku na usafiri uliopo ni mkokoteni wa punda.