Kodi, Pango na Amana: Istilahi za Upangishaji wa Nyumba kwa Wanafunzi, Awendo na Rongo

Utangulizi

Awendo ni mji uliokua kando ya kiwanda cha sukari cha kampuni ya Sony, iliyoundwa mwaka wa 1976. Katika barabara iyo hiyo iendayo Kisii pana Rongo, ambako Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hati yake mwaka wa 2016. Katika ukanda huu, mwenye ploti ya vyumba vichache vinavyotumia ua mmoja na bomba moja huweza kumpangisha mwanafunzi pamoja na familia. Aghalabu maafikiano huwa ya mdomo. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya migogoro izukayo baadaye ni ya kiisimu: pande mbili zimeafikiana juu ya neno, si juu ya maana.

Kodi na Pango

Neno kodi hubeba dhana mbili: malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na malipo ya raia kwa serikali. Utata huu hauishii kamusini. Tangu Januari 2024, mapato ya nyumba za makazi yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5, awali yalitozwa asilimia 10. Vyumba 8 vya shilingi 3,500 huingiza 28,000 kwa mwezi. Serikali huchukua 2,100 kabla ya gharama za ukarabati kutolewa. Mwanafunzi aambiwapo "kodi imepanda", ipi iliyopanda? Neno pango huondoa utata huo, tena ni la ukoo mmoja na panga, mpangaji, pangisha na mpangishaji. Kodi na ibaki ya serikali.

Dipoziti: Amana au Arubuni?

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Mwenye nyumba huielewa dipoziti kuwa malipo ya kufunga mapatano. Mwanafunzi huiona kuwa fedha yake atakayorejeshewa ahamapo. Kiswahili hutofautisha dhana hizo. Arubuni ni malipo ya awali ya kuthibitisha mapatano, nayo huhesabiwa katika bei. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine, na sharti irudishwe. Mwenye kuandika amana amekwisha kukiri kwamba fedha si yake. Kinachosalia ni kukubaliana makato: kitasa kilichovunjika, rangi, deni la maji.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi mkataba wa ukurasa mmoja wa Kiswahili watosha, mradi utaje pango na siku ya kulilipa, pango la miezi ya likizo, amana na makato yake, na muda wa ilani ya kuhama. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyaweza kuuandaa na kuusambaza kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwasili. Istilahi ikitangulia fedha, mengi ya mabishano hayatazuka.