SOMO LA SIMU YA UPEPO: KUCHAGUA FUWELE ZILIZO SAWA

Wasomaji wetu wenye mapenzi ya kuunda simu ya upepo kwa mikono yao wametuuliza mara nyingi: kwa nini chombo changu hupokea sauti tatu pamoja, kama watu wagombanao sokoni? Jawabu ni kwamba chombo hicho hakina chujio, au kina chujio baya. Chujio la kiwandani ni ghali, walakini fundi aweza kujitengenezea lililo jema kwa fuwele za bei ndogo, ikiwa tu anajua kuzichagua.

Kwanza yafaa kujua fuwele ni kitu gani. Ni kipande chembamba cha jiwe liitwalo kwatsi, kilichofungiwa ndani ya kikopo cha madini chenye miguu miwili. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua ya kuwa jiwe la namna hii likibanwa hutoa umeme. Na baadaye ikathibitika kwamba likitiwa umeme hugeuka umbo kidogo. Ndiyo sababu kipande hicho hutetemeka kwa kadiri yake yenyewe, kama kengele iliyo na mlio wake. Kikiwa chembamba zaidi hutetemeka upesi zaidi. Fuwele itetemekayo mara milioni 5 kwa sekunde, yaani megahezi 5, unene wake ni kama theluthi ya milimita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mawe hayo yalitoka sana Brazil. Siku hizi hukuzwa viwandani katika mitungi ya chuma yenye joto na kani kubwa.

Basi kwa chujio la sauti ya mtu, fuwele nne hupangwa mstari mmoja, na kati yake huwekwa kapasita ziendazo ardhini. Umbo lake ni kama ngazi. Fikirini milango minne ya boma iliyofuatana: ikielekeana sawasawa, mtu hupita moja kwa moja, mmoja ukiwa umesogea kando, njia hupungua, na mzigo hukwaruza ukutani. Mzigo wetu ni sauti, nayo yataka njia yenye upana wa hezi 2400 hivi.

Hapa ndipo wengi wapoteapo, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Tulichukua fuwele nne zilizoandikwa 4.9152, mbili za dukani na mbili tulizozitoa katika mashine mbovu, tukaziunga bila kuzipima kwa kuwa namba ilikuwa moja. Sauti ikaja dhaifu, tena ya puani, na maneno mengine yakapotea kabisa. Tukalaumu transista, tukabadili transista. Tukalaumu waya, tukabadili waya. Siku kumi zikapita. Kumbe kosa letu lilikuwa kuiamini namba ya kikopo.

Mtengenezaji hasemi uwongo. Desturi ya biashara ni kuruhusu tofauti ya sehemu 30 katika milioni; kwa fuwele hii ni karibu hezi 150 juu au chini. Tena kuna jambo lililofichika zaidi: fuwele nyingine hupimwa kiwandani zikiwa zimeungwa na kapasita, nyingine bila. Kwa sababu hiyo fuwele mbili zenye namba ile ile zaweza kupitana kwa hezi elfu na zaidi! Kwa kompyuta si neno. Kwa chujio ni maangamizi. Kwa hiyo nunua zote mahali pamoja, za mtengenezaji mmoja na za urefu mmoja, maana vikopo virefu na vifupi havitendi kazi sawa hata namba zikilingana. Ukitaka nne, nunua ishirini.

Kisha unda chombo kidogo cha transista moja cha kuitetemeshea fuwele, na pa kuichomeka bila kuilehemu. Unga na mashine ya kuhesabu mitetemo. Andika namba juu ya kila kikopo, uipime kila fuwele katika chombo kile kile, kwa umeme ule ule, siku moja. Usiishike kwa vidole, maana joto la mkono huigeuza. Tumia kibano, ungoje kidogo hata tarakimu zitulie. Ukimaliza, ipime tena ile ya kwanza. Ikiwa imehama, si yenyewe iliyohama bali chombo chako, na sharti uanze upya. Twajua yachosha.

Tuseme umepima kumi, na tarakimu tatu za mwisho ni hizi: 212, 348, 225, 190, 301, 219, 402, 231, 277, 205. Chagua 212, 219, 225 na 231. Tofauti yake ni hezi 19 tu. Mafundi wengi huruhusu sehemu moja ya kumi ya upana wa chujio, yaani hezi 240 kwa sauti. Sisi hatuiridhii kadiri hiyo. Twapenda isizidi 50. Kwa chujio la Morse lenye upana wa hezi 500, tafuta isiyozidi 20.

Yabaki kujua ukubwa wa kapasita za kati. Kuna njia nyepesi iitwayo G3UUR: unga kapasita ya pikofaradi 33 mfululizo na fuwele, utazame mitetemo imepanda hezi ngapi. Jumlisha 33 na pikofaradi 4 za kikopo, zidisha kwa 2, zidisha kwa hezi zilizopanda, ugawanye kwa mitetemo yote ya fuwele. Zikipanda hezi 1000, jawabu ni pikofaradi 0.015, nayo ndiyo kapasita iliyofichika ndani ya jiwe lenyewe. Hiyo ndiyo hutiwa katika hesabu ya chujio. Pima hivi fuwele zote nne. Iliyo mbali na wenzake iondoe, ijapokuwa mitetemo yake ililingana.

Fuwele itetemekayo kwa unyonge pia iweke kando. Lakini zile nzima zilizokosa wenzake usizitupe: moja yatakiwa katika chombo hicho hicho, kutetemesha mawimbi yanayorudisha sauti iliyochujwa isikike masikioni.