MAMA KIJANA NI WA UMRI GANI?



Hivi karibuni mama mmoja alitungojea nje ya kanisa baada ya Misa. Binti yake mwenye miaka 17 ni mjamzito wa kwanza, na muuguzi wa zahanati amemwambia asijifungulie nyumbani wala hapo zahanati, bali aende hospitali ya wilaya. Mama alikuwa amekasirika. "Mimi nilimzaa yeye nikiwa na umri huohuo," alisema, "tena nyumbani, mikononi mwa bibi yake. Leo ati binti yangu ni mtoto?"

Swali hili ni la wazazi wengi, hivyo tumeona vema liwe somo letu la mwezi huu.

Umri wenyewe

Hatutasema "mama mdogo", kwa maana huyo ni ndugu yake mama. Tuseme mama kijana. Shirika la Afya Duniani huhesabu mimba ya msichana wa miaka 10 hadi 19 kuwa mimba ya umri mdogo. Kwa maneno mengine, aliyepata mimba kabla ya kutimiza miaka 20 ni mama kijana, awe ameolewa au hajaolewa. Pete haiongezi miaka.

Katika nchi yetu jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Katika utafiti wa mwaka 2015-16 walikuwa 27. Idadi imepungua, lakini bado ni kubwa.

Hata hivyo hatari si sawa kwa wote. Msichana wa chini ya miaka 15 yumo katika hatari kubwa kuliko wote. Wa miaka 15 hadi 17 bado mwili wake unakua. Wa miaka 18 au 19 aliyekula vizuri na kuhudhuria kliniki hukaribia kuwa sawa na mama wa miaka ishirini na zaidi.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kuwa mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba jambo hilo linapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo.

Kwa nini mwili hauko tayari?

Wengi wetu tulifundishwa kwamba msichana akivunja ungo amekomaa. Sivyo. Kuvunja ungo ni mwanzo wa kukomaa, si mwisho wake.

1. Nyonga. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya msichana kuvunja ungo, hata baada ya kimo chake kukaribia kukoma. Njia ikiwa nyembamba, kichwa cha mtoto hukwama. Kikikaa muda mrefu hubana kibofu cha mkojo dhidi ya mfupa, damu haipiti, nyama hufa na tundu hutokea. Hiyo ndiyo fistula: mama huvuja mkojo mchana na usiku, na mara nyingi mtoto amekwisha kufa.

2. Damu. Msichana anayekua anahitaji damu kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Akibeba mimba, wawili wanagombea chakula kimoja. Akipungukiwa damu, hata kutokwa damu kidogo wakati wa kujifungua kunaweza kumwua.

3. Kifafa cha mimba. Ugonjwa huu huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na wasichana wadogo wamo hatarini zaidi. Dalili zake ni kuumwa kichwa sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, na maumivu juu ya tumbo.

4. Mtoto. Watoto wa mama vijana huzaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi zaidi.

Kwa sababu hizo kliniki huhesabu umri wa chini ya miaka 20, na kimo kisichofika sentimita 150, kuwa vidokezo vya hatari. Muuguzi yule hakumtukana binti. Alifanya kazi yake.

Lakini bibi zetu je? Ni kweli, wengi walizaa wakiwa wadogo na wakapona. Ila tukumbuke kwamba wanaotusimulia ni wale waliopona. Wale waliofia kitandani hawakurudi kusimulia.

Familia ifanye nini?

(a) Aanze kliniki mapema, kabla mimba haijafikisha wiki 12. Binti anayeogopa matusi huficha mimba, na huko kuficha ndiko kunakoua. Mzazi, hasira yako ni ya haki, lakini isimfungie mtoto mlango.

(b) Ameze vidonge vya kuongeza damu kila siku, na dawa ya kuzuia malaria kama atakavyopewa kliniki. Alale ndani ya chandarua chenye dawa.

(c) Ale mboga za majani, maharage, dagaa, mayai na matunda. Asiachiwe ukoko baada ya wengine kushiba.

(d) Ajifungulie hospitali yenye uwezo wa kupasua. Uchungu ukizidi saa 12, msingoje kukuche.

(e) Akiisha kujifungua, amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu kwa miezi 6, na ipite angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine.

(f) Arudi shule. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni.

Na kama kuna mama anayevuja mkojo, asifichwe ndani. Si laana wala uchawi. Fistula hutibiwa, kwa mfano katika hospitali za CCBRT Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi.

Tulipozidi kuongea na mama yule, tuligundua kwamba kilichomkera hasa si neno "mtoto". Ni nauli. Hospitali iko mbali, na hakujua angelala wapi akimngojea binti yake. Tukakubaliana aanze kuweka akiba kidogo kila wiki, na jambo lake lipelekwe katika jumuiya yake. Ndugu wasomaji, huenda katika jumuiya yenu naye yupo mmoja anayehitaji nauli kuliko mashauri.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, kwetu msichana huhesabiwa kuwa mtu mzima lini? Kwa kuvunja ungo, kwa kuolewa, au kwa umri?
2. Kuna binti mjamzito anayejificha jirani? Nani anaweza kumsindikiza kliniki?
3. Uchungu ukianza usiku, ni gari la nani litakalotumika, na nani atalipa?