Kabla ya Kununua Runinga, Jua Unachotaka Kutazama

Ukiingia duka la vifaa vya stima Voi au Mwatate, swali utakalosikia wateja wakiuliza ni la inchi. Hii ni ngapi? Ile kubwa ni pesa ngapi? Ni swali zuri, ila linatangulizwa mapema mno. Kwanza mkazi ajiulize: nyumbani kwetu tunatazama nini? Nyumba inayotaka taarifa ya habari ya saa moja jioni na tamthilia baada ya chakula haihitaji vifaa sawa na nyumba isiyokosa ligi ya Uingereza, au yenye vijana wanaotazama filamu za mtandaoni.

Mwandishi wa somo hili si fundi wala muuzaji. Ni mtazamaji wa jioni, baada ya kazi, kama wengi wa wasomaji wa jarida hili.

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka wa 1962, na kwa muda mrefu kituo kilikuwa kimoja cha serikali, hadi KTN ilipofungua njia ya vituo vya kibinafsi mwaka wa 1990. Waliokuwa na runinga enzi hizo wanakumbuka jinsi sebule ilivyojaa majirani Vitimbi ikianza. Kwa maoni yangu, vichekesho vile na vya Vioja Mahakamani bado havijapata mshindani. Mandhari yalikuwa sebule moja au chumba kimoja cha mahakama, na kazi yote ilifanywa na lugha na uso wa mwigizaji. Mzee Ojwang', ambalo lilikuwa jina la usanii la marehemu Benson Wanjau, hakuhitaji picha kali ili tucheke. Baadaye Citizen ilituletea Papa Shirandula na Inspekta Mwala, na bado nyumba zilijaa. Tamthilia za miaka ya karibuni, kama ile ya Maria, zimepigwa picha nzuri zaidi, rangi zake zinapendeza. Kosa lake, kwangu, ni kuvuta hadithi ya wiki mbili ikawa ya miezi.

Angalia basi jambo moja: vipindi vyote hivyo vilionyeshwa katika vituo vya bure. Ikiwa hivyo ndivyo mnavyopenda, fedha zenu zinafaa kwenda kwanza kwenye kunasa mawimbi ya bure vizuri. Ukubwa wa kioo uje baadaye.

Kenya iliachana na matangazo ya analogi mwaka wa 2015. Tangu hapo mawimbi ya angani yanatumia mfumo unaoitwa DVB-T2. Herufi hizo ndizo za kutafuta kwenye boksi la runinga au kwenye kijitabu chake. Runinga yenye DVB-T2 ndani yake haihitaji king'amuzi ili ionyeshe vituo vya bure. Inahitaji antena tu. Isiyo nayo itahitaji king'amuzi. Usitosheke na kibandiko cha "dijitali" peke yake. Runinga yenye DVB-T bila ile 2 pia ni ya dijitali, lakini haitasoma mawimbi yetu.

Hapa ndipo watu wanapoumia, hasa kwa runinga za mitumba na zile zinazoletwa na jamaa walio ng'ambo. Runinga nyingi za zamani kutoka Uingereza zina DVB-T pekee. Za Marekani hutumia mfumo mwingine kabisa uitwao ATSC, na za Japani zina wao, ISDB-T. Runinga yenyewe inaweza kuwa nzima, na kioo chake kizuri kuliko cha hapa, lakini ukitafuta chaneli hupati hata moja. Isitupwe. Ikiwa ina tundu la HDMI, king'amuzi cha DVB-T2 kitaifufua. Jambo la kuangalia kabla ya kuichomeka ni kiasi cha umeme kilichoandikwa mgongoni. Ikisomeka volti 100 hadi 240, ni sawa. Ikiwa ni 110 au 120 pekee, stima yetu ya volti 240 itaiunguza.

Sasa antena, ambayo katika kaunti yetu yenye milima ndiyo nusu ya kazi yote. Mawimbi ya UHF yanayobeba matangazo haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima ukisimama kati ya nyumba na mtambo, nyumba inakaa kivulini. Ndiyo maana minara huwekwa juu, mahali kama Vuria, mlima unaopita mita 2,200. Ndiyo maana pia nyumba mbili za kijiji kimoja, moja mgongoni na nyingine bondeni, zinaweza kupata picha tofauti kabisa kwa vifaa vilevile.

Wakati wa analogi mawimbi yakiwa hafifu tuliona chengachenga, lakini mpira tuliutazama hivyo hivyo. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakipungua kidogo, picha inakatika vipande vya mraba na sauti inakwaruza. Yakipungua zaidi, kioo ni cheusi. Mtu akikwambia runinga yake "imekufa" ghafla wakati wa mvua, mara nyingi haijafa, ilikuwa imesimama ukingoni tangu mwanzo.

Kwa hiyo ule mtindo wa mmoja kupanda darini na mwingine kupiga kelele dirishani "imeshika!" lazima ubadilike kidogo. King'amuzi huchukua sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha picha. Geuza antena taratibu, kiasi cha upana wa kiganja, kisha ngoja. Katika menyu ya mawimbi kuna mistari miwili: mmoja wa nguvu, mwingine wa ubora. Fuata ule wa ubora. Nguvu inaweza kuwa juu na picha isiwepo, hasa pale mawimbi yanapogonga mlima na kurudi. Kabla ya kununua busta, angalia waya. Maungio yaliyofungwa kwa mfuko wa plastiki huingiza maji, na busta huongeza mawimbi mabaya pamoja na mazuri. Tazama pia antena ya jirani anayepata picha nzuri imeelekea wapi, na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama. Ukimaliza, tafuta chaneli upya. Radi ikianza, chomoa waya wa antena pamoja na ule wa stima.

Ving'amuzi vya kulipia vina nafasi yake. Mwenye kutaka ligi za Ulaya mara nyingi hulazimika kulipa, iwe kwa king'amuzi au kwa mtandao. Ila kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji swali moja na umtake ajibu waziwazi: malipo ya mwezi yakiisha, ni chaneli zipi zitabaki? Linganisha jibu hilo na bajeti ya Januari, mwezi wa karo.

Kuhusu runinga za kisasa zinazounganishwa na intaneti, sina ugomvi nazo. Nina shaka tu na matumizi yake pale ambapo nyumba inategemea bando za simu. Filamu ya ubora wa kawaida hula karibu GB 1 kwa saa. Ya HD inaweza kufika GB 3, na ya 4K GB 7. Piga hesabu ya wiki moja kwa bei ya bando unayonunua sasa, ndipo uamue. Vilevile, kioo cha 4K hakibadilishi picha inayorushwa na kituo cha bure. Tamthilia ya saa mbili usiku itaonekana jinsi ilivyotumwa.

Stima ni hesabu nyepesi. Runinga ya LED ya inchi 32 hutumia takriban wati 50. Ikiwaka saa tano kwa siku, hiyo ni robo yuniti, yaani yuniti saba na nusu kwa mwezi wa siku 30. Kubwa ya inchi 55 inaweza kula mara mbili au zaidi. Wanaotumia sola watafute za volti 12, zinazotumia betri moja kwa moja.

Kwa wenye watoto: kanuni za vipindi nchini zinavitaka vituo vionyeshe vinavyofaa familia nzima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Baada ya hapo, rimoti ni yako mzazi. Mtandaoni hakuna saa nne. Weka nambari ya siri kwenye programu za filamu siku ileile runinga inapofika nyumbani.

Ukinunua, omba kifaa kiwashwe dukani na chaneli zitafutwe ukiona. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na nambari ya kifaa, na usitupe boksi kabla muda wa waranti haujaisha. King'amuzi kikikusumbua, au ukikatwa huduma uliyolipia, peleka malalamiko kwanza kwa kampuni iliyokuuzia huduma na uweke nakala au nambari ya malalamiko hayo. Wasipokusaidia, ndipo unaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kitu cha kwanza watakachotaka kujua ni kama ulianza kwa kampuni yenyewe.