Kutoka Kwenye Mnyororo Hadi Kwenye Stendi: Usalama wa Fundi Anapofunga Injini Nzito

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, tangu zile zilizosongamana Gerezani hadi zile za chini ya mwarobaini kandokando ya barabara za vitongojini, kushusha injini huhesabiwa kuwa kazi ya nguvu. Vijana hukusanyika, mnyororo hufungwa, sauti hupazwa, na injini hupanda. Ikishatoka ndani ya gari kila mtu hushusha pumzi, kana kwamba hatari imepita. Kwa mtazamo wa afya ya kazini, hapo ndipo sehemu nyeti zaidi ya kazi huanza. Injini inayoning'inia bado inapaswa kuhamishiwa kwenye stendi, na katika dakika chache za uhamisho huo mikono ya mafundi huingia mahali isipopaswa kuingia kamwe: kati ya chuma na chuma.

Uzito unaozungumziwa si mdogo. Injini ya petroli ya silinda nne ya gari dogo la abiria huwa na kilo 100 hadi 150 hivi. Injini ya dizeli ya silinda sita ya magari makubwa ya safari inaweza kuzidi kilo 300. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, huanza hesabu zake za unyanyuaji kwa kilo 23, na kilo hizo ni kwa mazingira bora kabisa: mzigo ukiwa karibu na mwili, mnyanyuaji akiwa hajajipinda, wala harudii mara kwa mara. Wanaume wanne wanaoibeba injini ya kilo 150 wana kilo zaidi ya 37 kila mmoja, nao hujipinda wote. Dai la kwamba injini ndogo haihitaji kreni ni mkopo ambao uti wa mgongo huja kuulipa baada ya miaka.

Stendi yenyewe ni chombo sahili: tako lenye magurudumu, nguzo, na bomba linalozunguka ndani ya nguzo hiyo, likiwa na bamba lenye mikono minne ya chuma. Mikono hufungwa kwa bolti nyuma ya injini, kwenye matundu yaliyokuwa yakishikilia giaboksi. Maana yake ni kwamba injini nzima hushikwa upande mmoja tu, na mwili wake wote hubaki hewani mbele ya bamba. Ichukuliwe injini ya kilo 200 ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 30 kutoka kwenye bamba, na bolti za juu ziko sentimita 25 juu ya zile za chini. Mbali na kubeba uzito ushukao, bolti mbili za juu huvutwa kutoka kwenye bloku kwa nguvu sawa na kilo 240, yaani zaidi ya uzito wa injini yenyewe. Fundi anayefunga bolti tatu kwa sababu ya nne haikupatikana, au anayeokota bolti yoyote katika kopo la vyuma chakavu, ameweka maisha ya watu juu ya kipande cha chuma asichokijua.

Bolti zinazofaa huwa na namba 8.8 au 10.9 kichwani. Ziingie ndani ya bloku kwa kina kisichopungua mara moja na nusu ya unene wake iwapo bloku ni ya chuma cha kalibu, na mara mbili iwapo ni ya aluminiamu. Bolti ya milimita 12, basi, iingie milimita 18 katika chuma na 24 katika aluminiamu, bila kuhesabu unene wa mkono wa stendi na washa. Mtego wa kawaida ni hatua ya uzi. Bolti ya milimita 10 yaweza kuwa na uzi wa hatua ya 1.25 au 1.5, nayo isiyolingana hukubali mizunguko michache kwa mkono, kisha hukaza. Akilazimisha kwa spana, fundi hudhani ameikaza, kumbe ameula uzi wa bloku.

Kabla ya yote, husomwa kibao cha uwezo wa stendi na cha kreni. Kreni ya gereji ina hila yake: mkono wake ukirefushwa, uwezo hupungua sana, hata kreni ya tani mbili ikabaki na nusu tani mkono ukiwa umetolewa wote. Mnyororo nao hupaswa kutazamwa pembe zake. Pande zake mbili zikitanuka hadi nyuzi 120 baina yao, kila upande hubeba uzito kamili wa injini badala ya nusu yake. Oili humwagwa mapema, na sakafu hufutwa, kwa kuwa mguu unaoteleza kwenye oili wakati huu hauna pa kukanyaga tena.

Giaboksi, klachi na flaiwili hutolewa injini ikiwa imelazwa juu ya magogo au tairi kuukuu, mnyororo ukiendelea kuishikilia. Kisha, badala ya kuisogeza injini hadi kwenye stendi iliyokamilika na kutafuta matundu kwa vidole, bamba huchomolewa kwenye nguzo pamoja na bomba lake, hufungwa kwenye injini kwanza, na mikono yake hurekebishwa hadi bomba lilingane na kitovu cha uzito, ambacho mara nyingi huwa juu kidogo ya mstari wa krenkishafti. Bomba likiwa chini mno, injini itajipindua yenyewe siku pini itakapochomolewa, na mpini wa kuzungushia utampiga fundi kwenye taya.

Sasa injini hunyanyuliwa kiasi tu cha bomba kuifikia nguzo, na stendi husogezwa kuelekea kwenye injini. Chini ya mti, ambapo cheni bloku hutundikwa tawini na haiwezi kwenda mbele wala nyuma, hakuna njia nyingine. Injini inayosukumwa ili ibembee hadi kwenye stendi haina breki. Hata hivyo, magurudumu madogo ya stendi huzama udongoni, kwa hiyo mbao nene na pana hutandikwa kwanza. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri ya kupandisha au kushusha. Bomba huelekezwa kwa mtaimbo, si kwa kidole kilichotiwa kwenye mdomo wa nguzo, na kijana wa spana, ambaye kwa desturi ndiye anayeambiwa aingize mkono kwa sababu mkono wake ni mwembamba, asiambiwe hivyo.

Bomba likiingia, pini hutiwa, na mnyororo hulegezwa kidogo kidogo. Hapa haraka haina nafasi. Baada ya kila sentimita moja ya kushuka, bolti, bamba na tako hutazamwa. Mnyororo haufunguliwi hadi injini ikae imetulia kwa dakika kadhaa. Ikianza kuanguka, watu warudi nyuma na waiache. Mwili wa binadamu hukimbilia kudaka kitu kinachoanguka kabla akili haijapima, na ndiyo sababu jambo hili husemwa kabla ya kazi na kila mmoja akaitikia. Uangalifu huohuo hurudi siku silinda hedi inapotolewa, kwa kuwa injini hupoteza mizani yake ya awali.

Ajali ikitokea, kitu kilichombana mtu kiondolewe mapema iwezekanavyo, mradi kiondolewe bila kumwangukia mwingine. Damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwa kukandamiza kwa kitambaa safi. Pete huvuliwa kabla kidole hakijavimba, na kwa kweli ilipaswa kuvuliwa asubuhi kazini. Kidole kilichokatika hufungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, hutiwa katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo huwekwa katika maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Petroli si dawa ya kusafishia jeraha, na chanjo ya pepopunda huulizwa hospitalini hata jeraha likiwa dogo.

Jeraha linalodanganya zaidi ni lile lisilo na damu. Mkono au mguu uliobanwa huweza kuonekana mzima, huku misuli ikivimba ndani ya utando usiotanuka na kuziba damu yake yenyewe. Dalili ya mapema ni maumivu makali kuliko jeraha linavyoonekana, yanayozidi vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine. Ganzi na ubaridi huja baadaye. Misuli iliyokosa damu kwa saa sita hivi huweza kufa isirudi tena. Kuchuliwa kwa mafuta ya moto katika hali hii huongeza madhara na kupoteza saa ambazo daktari wa upasuaji angezitumia kuufungua utando huo.

Misuli mikubwa, kama ya paja, ikibanwa kwa muda mrefu, huleta hatari nyingine. Mwaka 1941, London ikishambuliwa kwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall walieleza habari za watu waliotolewa chini ya vifusi wakiwa wazima, kisha figo zao zikashindwa siku zilizofuata. Misuli iliyopondwa humwaga potasiamu inayoweza kusimamisha moyo, na protini ya mayoglobini inayoziba figo. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kwa hiyo anayemsindikiza majeruhi huandika mambo matatu kwenye karatasi na kuikabidhi mapokezi: saa kiungo kilipobanwa, saa kilipoachiliwa, na rangi ya mkojo wa kwanza baada ya hapo.