TYUBU MOJA, MAGONJWA KUMI

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ninaouandikia katika toleo hili ni ile tyubu ndogo ya krimu inayouzwa kwa bei ya soda mbili pale stejini, na ambayo nimeiona bwenini ikipitishwa kitanda hadi kitanda kama chumvi. Mhariri alinituma niandike juu ya magonjwa ya ngozi kwa jumla. Nitayataja, lakini tyubu itakula nafasi kubwa, maana ndiyo inayotumaliza.

Kwanza somo kidogo. Walimu wa Biolojia mnisamehe. Ngozi ina tabaka la juu, kisha tabaka la chini yake lenye mishipa ya damu, tezi za jasho na tezi za mafuta. Mle katika tabaka la juu, upande wa chini kabisa, mna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Kumbe mimi na Mzungu tuna karibu idadi ile ile ya seli hizo! Tofauti ni kwamba zangu zina bidii zaidi. Na melanini si pambo, ni mwavuli. Sisi tuko karibu na ikweta, tena juu milimani, kwa hivyo jua letu ni kali hata ile siku ya baridi ya Nyansiongo ambapo mtu huvaa sweta mbili.

Sasa magonjwa yenyewe. Chunusi ni za umri wetu, na hazitokani na uchafu. Homoni huamsha tezi za mafuta, kitundu kinaziba, vijidudu vinazaana humo, basi uso unafura. Ukiziminya unajiachia madoa meusi ya miezi. Tuendelee.

Upele ule unaowasha usiku huletwa na kijidudu kinachochimba vijia ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole na kwenye viganja. Mtu akiambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili hata sita kabla ya kuanza kujikuna, na muda huo wote anawagawia wenzake wa kitanda. Ndiyo maana kumtibu mmoja pekee bwenini ni kazi bure. Wote wapakwe dawa siku moja, na mashuka na nguo zifuliwe kwa maji moto. Ambacho hakifuliki kifungwe ndani ya mfuko siku tatu au zaidi, kijidudu kife kwa kukosa mwili.

Halafu kuna choa, ambacho sisi tunakiita mashilingi kwa sababu ya umbo lake la duara. Hicho ni kuvu. Hapa ndipo tyubu inapoingia.

Ukifika Keroka siku ya soko, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, utamsikia mchuuzi na kipaza sauti chake: inatoa chunusi, inatoa upele, inatoa mashilingi, inatoa madoa, inaleta rangi ya mtoto! Hebu jiulize, msomaji, ni dawa gani inayoua kijidudu, kuvu na vimelea vya chunusi, kisha ikapaka na rangi juu? Hakuna. Lakini ipo dawa inayoweza kuonekana kana kwamba imefanya hayo yote kwa siku tatu. Inaitwa steroidi, na majina yake ya kawaida ni betamethasoni na klobetasoli. Hospitalini ni dawa ya maana sana, kwa mfano kwa mwenye ukurutu mkali, akipewa kwa kipimo na kwa siku zinazohesabika. Kazi yake ni kuunyamazisha mwili usifure wala usiwashe. Kuvu yenyewe haiiui. Ni sawa na kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yumo ndani ya nyumba.

Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye simtaji, alikuwa na shilingi moja mkononi, juu karibu na kwapa. Akapaka ya stejini. Siku ya tatu akanionyesha: "Si unaona imepona, dadangu?" Kweli wekundu na mwasho ulikuwa umeisha. Akaacha, ikarudi. Akapaka tena, ikatulia. Aliendelea hivyo muhula mzima, na doa likatambaa hadi begani bila hata kuonyesha ile duara yake, kiasi kwamba metroni naye hakulitambua. Hospitalini Kisii daktari alikwangua magamba kidogo, akayatazama kwa hadubini, akaiona kuvu. Kisha akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, umekuwa ukipaka nini?" Alipewa dawa ya kuvu na choa kikaisha. Lakini ngozi ya pale karibu na kwapa imebaki nyembamba, ina michirizi kama ya mama aliyejifungua, na tuliambiwa michirizi hiyo haifutiki.

Tyubu nyingine ni za kujichubua. Zenye haidrokwinoni huzuia seli zisitengeneze melanini, yaani unaukunja mwavuli juani. Kwa matumizi ya muda mrefu baadhi ya watu hutokwa na weusi wa samawati usoni, mbaya kuliko doa walilotaka kulitoa. Vifundo vya vidole navyo hukataa kung'aa, ndipo siri hutoka nje.

Zenye zebaki ni hatari zaidi, kwa sababu zebaki hupenya ngozi ikafika kwenye figo. Si porojo za kututisha. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60, wote watu wazima, waliokuwa wakivimba mwili kwa sababu figo zao zilivujisha protini. Kati yao, 32 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi walipata nafuu baada ya kuziacha. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini biashara bado ingalipo. Siku hizi kuna hata sindano za glutathioni za kubadilisha rangi, na idara ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja kwa kazi hiyo.

Kule Tabaka mafundi hulainisha jiwe kwa msasa na maji mpaka linang'aa. Shangazi yangu, mchuma chai, alijisugua namna hiyo kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Harusi ilipendeza, sikatai. Sasa saa nne ya asubuhi uso unamchoma, inabidi atoke shambani, na malipo yao ni ya kilo.

Muhula huu wanachama wa chama chetu walipita bwenini wakiomba tyubu, bila kuuliza ya nani. Zilipatikana saba. Tano hazina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Mbili zimeandikwa klobetasoli kwa herufi ndogo sana, na juu yake kuna picha ya msichana anayecheka.